Nani Alilipia Ramani ya Simu Yako?

Wanangu wa Arusha, nyinyi mnaoongoza wageni Mlima Meru na nyinyi mnaopakia abiria wa bodaboda kutoka Kilombero hadi Ngaramtoni, nina neno nanyi.

Usiku, mkishapita Rhino Point kuelekea kileleni, ukungu ukatanda hata tochi ya kichwani isifike mbali, kile kitone cha buluu kwenye simu bado kinakuonyesha ulipo. Msidhani ni hisani ya kampuni ya simu. Ni kazi ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani, iliyoanzisha mradi wa GPS mwaka 1973 kwa kodi za wananchi, ili majeshi yake yajue yalipo. Setilaiti ya kwanza ilirushwa 1978, mfumo ukakamilika 1995. Raia nao waliruhusiwa kuutumia, lakini mawimbi yao yalivurugwa makusudi, yakapotosha mahali hata kwa meta 100, mpaka Mei 2000. Pale ukingoni mwa Meru, meta 100 ni kuporomokea kreta.

Hesabuni basi: miaka 22 hadi kukamilika. Mfanyabiashara gani angengoja faida muda wote huo? Serikali ilingoja kwa sababu jeshi lilijua shida yake, na hazina ya umma ikaendelea kulipa.

Nasi tulithubutu. Kule Kibaha, chini ya Wizara yetu ya Ulinzi, wahandisi wa Kitanzania walibuni na kuunda lori la Nyumbu. Lilitembea, ila halikufika sokoni kwa wingi. Akili zilikuwepo, fedha za kuliendeleza ndizo zilizopunguka.

Siwaombei vita, wanangu. Nawaombea subira ile ielekezwe kwa adui tuliye naye. Maji ya vijiji vingi vya Meru yana floridi nyingi. Yanatia meno ya watoto rangi ya kahawia na kupinda mifupa yao. Kuwalinda watoto hao nako ni ulinzi wa taifa. Mwaka 2015, Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Tengeru, alishinda tuzo ya uhandisi ya Afrika kwa chujio lake la maji. Kumbe inawezekana hapa hapa.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Anayesoma sayansi achague shida moja ya watu wake, adumu nayo. Asiyesoma sayansi amuulize mbunge wake, kila bajeti inaposomwa: fungu la utafiti ni kiasi gani, na limetolewa lote? Akijibiwa, mwakani aulize tena.