Nyumba ya Agnes Atakaye

Tarehe 8 Julai Kanisa linawakumbuka Akila na Priskila, mume na mke waliotoka Roma pale Kaisari Klaudio alipowafukuza Wayahudi mjini. Walihamia Korintho, wakashona mahema ili wapate riziki, kisha wakavuka bahari hadi Efeso pamoja na Paulo. Sura ya 18 ya Matendo ya Mitume inasimulia kwamba Paulo alikaa kwao na kufanya kazi nao. Inasimulia pia jinsi walivyomsikia Apolo, msemaji hodari, akifundisha habari aliyokuwa ameishika nusu. Hawakumwaibisha mbele ya watu. Walimchukua kwao, wakamweleza taratibu. Waraka kwa Warumi unaongeza kwamba kanisa lilikuwa likikusanyika nyumbani mwao. Agano Jipya linawataja wawili hawa mara sita, na katika mara hizo, nne jina la mama limetangulia. Mimi naamini waandishi walijua walichokuwa wakifanya.

Sisi wa Kalemie tukisikia neno misionari, mara moja tunaona kanzu nyeupe na ndevu ndefu. Si kosa. Mapadri Weupe walifika ziwani kabla mji wetu haujajengwa, na mseminari wa Mpala, Stefano Kaoze, ndiye aliyekuwa padri wa kwanza wa Kongo, mwaka 1917. Lakini pwani hii hii iliwahi kuwa na wamisionari wa namna nyingine, mume na mke, na ninataka tuwatafakari wao wiki hii, kwa sababu nadhani kuna jambo walilolifanya ambalo mapadri hatuwezi kulifanya.

Léopold Joubert alizaliwa mwaka 1842 huko Saint-Herblon, Ufaransa. Alikuwa askari katika jeshi la Papa, akafikia cheo cha kapiteni. Mwaka 1880 Kardinali Lavigerie alimtuma Tanganyika awalinde mapadri. Alirudi kwao mwaka 1885, akaja tena, na mwaka 1887 akafika Mpala, kusini mwetu kwenye njia ya Moba. Mwaka 1888 alifunga ndoa na Agnes Atakaye, binti wa huku huku. Walizaa watoto kumi. Joubert hakurudi tena kuishi Ulaya. Alifariki Misembe, karibu na Moba, tarehe 27 Mei 1927, akiwa mzee wa miaka 85.

Siwezi kutaja Mpala nikaruka jambo moja. Ngome ya pale mapadri walikabidhiwa mwaka 1885 na Mbelgiji Émile Storms, na miezi michache kabla ya hapo, Desemba 1884, watu wa Storms walikuwa wamemwua chifu Lusinga na kumkata kichwa, na kichwa hicho kikapelekwa Ubelgiji. Msalaba wetu ulisimikwa mahali penye damu. Joubert mwenyewe alikuja na bunduki, akafundisha vijana wa huku kuzitumia, akapigana na watu wa Rumaliza waliokuwa wakiwafunga minyororo watu wa Marungu na kuwavusha kwenda kuwauza. Waliookolewa walimshukuru, na wajukuu wao bado wana haki ya kumshukuru. Wala hatumdharau Joubert tukisema kwamba Injili iliyofika na bunduki ilihitaji muda mrefu na kazi nyingine kabla haijaaminika.

Kazi hiyo nyingine ndiyo hadithi yenyewe. Watu wanapenda kusimulia kapiteni na mapigano yake, na msafara wa Kapiteni Jacques uliokuja kusaidia na kuacha kituo cha Albertville, ambacho leo ni Kalemie. Lakini vita vile vilikwisha katikati ya miaka ya 1890. Baada yake Joubert aliishi zaidi ya miaka 30. Alifundisha katekisimu, akawapa wagonjwa dawa alizokuwa nazo, akaona watoto wake wakikua. Ugonjwa wa malale ulipowaondoa watu mwambaoni, kwenye mwaka 1910, naye alihama pamoja na familia yake. Miaka 30 na zaidi ya kuzeeka mahali pamoja, mbele ya macho ya majirani!

Na katika miaka hiyo yote Agnes alikuwepo. Vitabu vya Ulaya vinampa mumewe kurasa, yeye vinampa mstari. Ila tufikiri kama watu wa huku tunavyofikiri. Mgeni asiye na ndugu anaheshimiwa, anaogopwa, anapewa chakula, lakini ni nani wa kumwambia amekosea? Siku Joubert alipomwoa Agnes alipata wakwe. Akapata mashemeji. Watoto wake wakapata wajomba, na mjomba huku kwetu si mtu wa kuchezea. Mgeni mwenye wakwe anaweza kuitwa barazani, akaketi chini, akaulizwa kwa nini amefanya hivi. Msiba ukitokea upande wa mke, hawezi kutuma pole halafu akaendelea na kazi zake. Anakwenda kulala matangani. Kwa njia ya mwanamke huyu, mtu aliyefika na silaha akawa mtu wa kudaiwa. Ndiyo maana nasema Agnes alikuwa misionari, ingawa hakuvuka hata ziwa. Yeye alivuka jambo gumu kuliko maji: aliwaacha watu wa kwao wamtazame akiishi imani mpya ndani ya nyumba moja na mtu wa mbali, siku za raha na siku za magonjwa, kwa miaka 39.

Ng'ambo ya ziwa, kule Karema upande wa Tanzania, nyumba nyingine ilikuwa ikifanya kazi ileile. Adrien Atiman alizaliwa nchi ya mto Niger, akaibwa utotoni na kuuzwa utumwani, mapadri wakamkomboa kule Algeria, akasomeshwa udaktari Malta. Alifika Karema mwaka 1889, akamwoa Agnes Wansabira, binti wa chifu, na akawatibu watu wa pale mpaka alipofariki mwaka 1956. Mwana wao Yosefu alikuwa padri. Ziwa moja, akina Agnes wawili, waume wawili wa kutoka mbali. Napenda kufikiri kwamba Bwana aliziwasha taa hizo mbili kwa makusudi, moja kila upande.

Wenzetu wa madhehebu mengine wameelewa jambo hili kuliko sisi. Katika Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, mume na mke waliostaafu, watoto wao wakiwa wamekua, huomba kutumwa nchi nyingine kwa miezi 6 hadi 23, na gharama wanajilipia wenyewe. Mwaka 1986 kanisa hilo lilipoanza kazi yake rasmi Kinshasa, waliotumwa mwanzoni walikuwa wazee wawili wa namna hiyo kutoka Marekani. Mafundisho yetu yanatofautiana nao sana, wala sifichi. Lakini nikiwaza watu wenye mvi wanaofunga nyumba yao, wanawaaga wajukuu, na kwenda kuanza kujifunza salamu za watu wengine, moyo wangu unawainamia.

Sisi tuna wazee wangapi? Reli imewaacha, kiwanda cha nguo cha Filtisaf kilifungwa, pansheni haifiki. Tunawapa viti vya mbele kanisani, tunaomba baraka zao siku ya ndoa, kisha tunawarudisha nyumbani kana kwamba Mungu amemaliza nao. Wakati huohuo, kwenye njia ya Nyunzu, kuna vijiji ambako Waluba na Watwa wamerudi kuishi jirani baada ya vita vilivyopamba moto mwaka 2016. Tumewapelekea mahubiri. Mashirika ya misaada yamewapelekea mahema, mbegu, semina za amani za siku tatu. Kijana wa kule anajua vizuri kwamba anayemhubiria ataondoka Jumatatu na gari lake. Wanachokosa ni watu wazima wawili, mume na mke, wa kabila lolote, watakaopanga nyumba katikati, walime kipande, wapike bukari na sombe, na mlango wao uwe wazi kwa pande zote mbili. Kijana anayetaka kuoa awaone wakikasirikiana asubuhi na kucheka pamoja jioni. Padri hawezi kumwonyesha hilo.

Mama mmoja wa shirika letu aliniuliza swali zuri nilipolitaja wazo hili: nani atabaki na wajukuu? Alikuwa na haki. Bibi wengi wa Kalemie ndio baba na mama wa watoto walioachwa na vita na kazi za machimboni. Kwa hiyo hatutamtuma yeyote kabla shirika lake halijaahidi mbele ya altare ni nyumba gani itawalisha watoto hao na nani atawalipia shule. Pia watakaokwenda wanahitaji vyandarua, dawa ya presha ya kutosha miezi yote, na pesa ya usafiri iliyowekwa kando ili mmoja akiugua warudi wote siku hiyohiyo. Nimeliomba baraza la parokia litenge sadaka ya Jumapili ya kwanza ya kila mwezi kwa ajili hiyo, tuanze na nyumba moja, kwa miezi 6.

Wenye nia waje baada ya Misa ya pili, wote wawili. Anayekuja peke yake nitamwomba arudi kwanza nyumbani akaongee na mwenzake.