Jeshi Lililopandishwa Milimani



Mwaka wa 18 Hijria Waislamu walikuwa Sham, vita na Warumi havijaisha, tauni ilipozuka Amwas, Palestina. Umar bin Khattab (r.a.) alikuwa safarini kwenda huko. Alipofika Sargh, makamanda walimpokea kwa habari ya maradhi.

Hakuamuru papo hapo. Aliwaita Muhajirina, wakahitilafiana. Akawaita Ansari, nao vilevile. Wazee wa Kikureshi ndio waliokubaliana kwamba arudi. Abu Ubayda (r.a.), kamanda wake, akamuuliza mbele za watu: je, anaikimbia qadar ya Allah? Umar akampa mfano wa mchunga ngamia aliye kwenye bonde lenye pande mbili, mmoja wa majani na mwingine mkavu. Popote atakapolisha, yumo ndani ya qadar. Kamanda anamhoji mkuu wa dola wakati wa vita, na hakuna aliyemkamata! Kisha Abdurrahman bin Auf akaleta hadithi ya Mtume (s.a.w.) inayokataza kuingia penye tauni, na kutoka humo kwa kuikimbia.

Baadaye Umar alimwandikia Abu Ubayda aje Madina. Alielewa anataka kuokolewa, akakataa kuwaacha askari wake. Tauni ikamchukua, ikamchukua na Muadh bin Jabal aliyemrithi. Amr bin al-Aas aliposhika uongozi akawatawanya watu milimani mpaka ugonjwa ukapungua. Umar hakumlaumu.

Sasa tuje kwetu. Dzaleka ilifunguliwa 1994, ikakusudiwa watu kama 10,000. Leo wamezidi 50,000, wengi wao wamekimbia vita vya Kongo na Burundi. Machi 2021, korona ikiwa bado inaua, serikali iliamuru wakimbizi walioko nje ya kambi warudi kabla ya 28 Aprili. Mahakama Kuu ikasimamisha amri. Mei 2023, kipindupindu hakijaisha nchini, watu wakakamatwa Lilongwe na kupelekwa kambini. Sababu iliyotajwa ni usalama wa taifa. Amr alikuwa na adui wa kweli mbele yake, naye akatawanya. Hapa hakuna vita, na watu wanarundikwa kwenye foleni moja ya maji.

Wanaosoma sheria na uuguzi kati yetu, andikeni haya kwa Kichewa na Kiingereza, wayasome wanaotoa amri. Ya Allah, warehemu waliokufa kwa tauni, wahifadhi wazee wetu wa Dzaleka. Amin.