Matabishi ni ya nani?

Sokoni kwetu, mama akisha kujaza kipimo cha unga, anaongeza tena kidogo juu. Hiyo tunaiita matabishi. Neno lilitoka kwa Wareno: mata-bicho, ni kusema "kuua mdudu", kinywaji cha asubuhi. Muuzaji ndiye anatoa, mununuzi anapokea, na kesho atarudi pale pale.

Katika biro neno ni lile lile, lakini mwendo umegeuka: mwenye kuomba karatasi ndiye anatoa. Wakati wa Zaire (1971–1997) mishahara ilikawia ao haikutosha kitu, na wengi wetu tulizoea kulishwa na wenye shida. Njaa inaeleza jambo hilo, je, inalihalalisha? Yule mama naye ana watoto wenye njaa, lakini anaongeza.

Tofauti ni hii: matabishi yake yanakuja kisha kipimo kujaa, yale mengine yanaombwa mbele ya kipimo. Basi mukubwa wa biro aanze kwa kujaza: mugeni apewe kiti, karatasi itoke siku iliyosemwa. Na mushahara wa walio chini yake audai yeye mwenyewe kule juu, wasiudai kwa mugeni.

Sisi tunaoandika haya tumeshalipa, na tumeshapokea. Kipimo chetu nacho kipimwe.