Ushauri wa Mlangoni

Ni desturi yetu baada ya Ibada kusimama nje ya kanisa na kujuliana hali. Mtu akitaja ugonjwa wake, kabla hajamaliza kusema amekwisha kutajiwa dawa tatu na watu wanne. Jambo hili latoka katika upendo, wala hatutaki likome. Lakini twajiuliza: mshauri akikosea, ni nani atakayelipa?

Mwaka 2011 maelfu ya watu walisafiri mpaka Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500. Hatumhukumu hapa mzee aliyekitoa. Twawafikiria wale waliobaki nyumbani, waliomwambia jirani, "Nenda, ukirudi vidonge vya nini tena?" Wako waliokunywa wakaacha dawa za kupunguza makali ya UKIMWI, na virusi havikungoja. Mshauri alikuwa amekwisha kuyasahau maneno yake. Pengine saa ile alikuwa akimshauri mwingine juu ya mbegu za mahindi.

Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku 7, mchana na usiku, bila neno, na hadi hapo walimfaa. Walipofumbua vinywa ndipo walipomwumiza. Hata hivyo hatusemi tunyamaze, maana mgonjwa asiyeambiwa neno hujiona ametupwa. Asemaye, "Mimi lilinifaa hili, twende wote tukamwulize daktari," amejifunga pamoja na mwenzake. Asemaye, "Fanya hivi," kisha akapanda baiskeli yake, huyo hata Jumapili ifuatayo haulizi dawa ile ilifanyaje.