Mtoto Anayezama ni wa Nani?

Sisi tunaoishi Mwanza hatuhitaji kufundishwa maana ya kuzama. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia kufika kwetu, na mamia ya ndugu zetu walipoteza maisha. Wengi wamelala katika makaburi ya Igoma. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, watu 228 wakafariki. Siku kama hizo mvuvi huacha nyavu zake na kupiga kasia kwenda kuokoa, bila kuuliza anayezama ni wa kabila gani au anasali wapi.

Mwaka 1972 mwanafalsafa wa Australia, Peter Singer, alichapisha insha inayogusa jambo hilo. Ilikuwa baada ya watu wa Bengali ya Mashariki, ambayo leo ni Bangladesh, kukumbwa na njaa na ukimbizi. Tuseme, anaandika, unapita kando ya bwawa la kina kifupi na unaona mtoto anazama. Ukiingia, nguo zako zitajaa matope. Utaingia au utapita? Kila mtu hujibu kwamba ataingia. Basi, kama nguo si sababu ya kumwacha mtoto wa karibu, fedha za anasa zinawezaje kuwa sababu ya kumwacha mtoto wa mbali? Kwake, umbali haupunguzi wajibu.

Tuseme wazi: Singer si muumini, na mafundisho yake kuhusu watoto wachanga wenye ulemavu mkubwa hatuwezi kuyapokea, kwa maana Mungu hampimi mtu thamani kwa uwezo wake. Lakini ukweli haugeuki uongo kwa kuwa umesemwa na asiyesali nasi. Katika Luka 10 Bwana wetu alimchagua Msamaria, mtu aliyedharauliwa, awe mwalimu wa mwanasheria.

Wengine wetu husema: maneno hayo ni ya matajiri, sisi tuna nini? Hoja hiyo ina uzito. Mama anayeanika dagaa mwaloni ili alishe watoto watano hawezi kuambiwa ajinyime zaidi. Lakini tujichunguze. Katika jumuiya yetu tulikuwa na kamati ya harusi, na wiki ileile mjane mmoja akaomba msaada wa kumpeleka mwanawe Bugando. Kwa harusi tuliandika ahadi, tukateua mtunza hazina, tukawapigia simu waliochelewa. Kwa mtoto tulipitisha kapu mara moja, tukasema tutamwombea. Zilizopatikana hazikufikia bei ya keki. Mtoto alipona kwa neema ya Mungu, na kwa mkopo ambao mama yake analipa mpaka leo. Hatukuwa na nia mbaya. Hatukujua tu kwamba tulikuwa tunapita kando ya bwawa, na mtoto huyo hakuwa mbali. Alikaa nasi benchi moja.

Hatusemi harusi ni dhambi. Yesu mwenyewe alihudhuria ile ya Kana. Marehemu Padre Laurenti Magesa, wa Jimbo la Musoma kwenye ziwa letu hilihili, katika kitabu chake cha mwaka 1997 kuhusu maadili ya dini ya Kiafrika, alionyesha kwamba kwa wazee wetu jema ni lile linalokuza uhai wa jamii, na uchoyo ni kosa kubwa kwa sababu unaudhoofisha uhai huo. Harusi hukuza uhai. Ila furaha isiyomwona mjane mlangoni imeanza kuupunguza.

Kuna jambo moja ambalo mfano wa bwawa hauulizi: mtoto aliingiaje majini? Kivuko cha MV Nyerere kiliruhusiwa kubeba watu 101. Waliokufa peke yao walizidi mara mbili ya idadi hiyo. Sisi sote tumewahi kusimama gatini tukisema, "Tusogee kidogo, mmoja ataenea." Upendo wa jirani basi hauanzi mtu anapolia majini. Unaanza tunapokataa chombo kilichojaa, tunapodai jaketi okozi, tunapomkatia mjane bima ya afya kabla mtoto hajaugua.

Tunapendekeza jambo dogo. Kila kamati ya harusi katika jumuiya zetu itenge sehemu ya kumi ya michango, kabla ya kulipia ukumbi, kwa ajili ya wagonjwa na yatima wa mtaa, na mtunza hazina aifuatilie kwa bidii ileile anayofuatilia ahadi nyingine. Bibi na bwana harusi hawatapungukiwa kitu. Nasi, tukiulizwa siku ile jirani yetu alikuwa nani, tutakuwa na jina la kutaja.