KHUTBA YA IJUMAA: MSHAHARA ULIOZIDI

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Bwana wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba wake. Amma baad.

Ndugu Waislamu, wababa na wamama, ninawausia pamoja na nafsi yangu kumcha Mungu, katika siri na katika wazi, na zaidi katika kile tunachokitia vinywani mwetu na vinywani mwa watoto wetu.

Juma hili mwalimu mmoja wa serikali ameleta swali. Nalitaja hapa kwa ruhusa yake, maana najua si yeye peke yake. Miezi saba benki ilimpa mshahara wake na nyongeza juu yake. Yeye alikuwa akidai mishahara ya nyuma, ya ile miezi aliyofundisha bila kupata hata franka moja, basi akasema moyoni: haki yangu imefika. Akanunua bati, akalipa madeni dukani. Sasa biro imemwandikia kwamba nyongeza ile haikuwa yake, arudishe yote, na kuanzia mwezi ujao mshahara utakatwa. Yeye anajibu: hamkunizidishia, mlinilipa deni langu. Na kando ya hayo karani mmoja amemnong'oneza: leta nusu, kartasi hii itapotea. Anauliza kama Muislamu anaruhusiwa kubishana na serikali juu ya jambo kama hili, na kama zile pesa alizokwisha kula ni haramu.

Nianze na karani, maana neno lake ni fupi. Mtume, rehema na amani zimshukie, amemlaani mtoa rushwa na mpokeaji wake, wote wawili. Najua wapo wanachuoni waliomwachia mwenye kudhulumiwa atoe kitu ili aokoe haki yake, dhambi ikabaki kwa mpokeaji. Lakini hao walisema juu ya mtu aliyefungiwa milango yote. Wewe hujapiga hodi hata kwenye mlango mmoja. Tena ukilipa ili kartasi ipotee, umekiri mwenyewe kwamba ulikuwa mwizi, na karani mwingine ataiokota mwaka ujao.

Ama kubishana, ndiyo, unaruhusiwa. Sheria yetu inamtaka mwenye kudai alete ushahidi, naye anayekanusha ale kiapo. Hapa anayedai ni serikali. Basi ionyeshe ni miezi gani, ni franka ngapi, na zililipwa kwa namba gani ya matrikule. Kuuliza hayo si uasi. Ukubwa wa mdai hauondoi wajibu wake wa kuonyesha hesabu.

Tena hesabu zenyewe si safi. Mwaka 2023 Inspection Générale des Finances, wakaguzi wa fedha za nchi, walitangaza walichokikuta katika listi za mishahara ya watumishi wa serikali: watu 145.604 wenye matrikule zisizo sahihi au za kubuniwa, na wengine 53.328 wanaolipwa kwa matrikule ambazo kila moja ina zaidi ya mtu mmoja. Bila shaka ndani yao wamo wezi, na majina ya watu ambao hawajapata kuzaliwa. Lakini ikiwa matrikule moja inabeba watu wawili, basi mmoja wao anaweza kuwa mwalimu mwema anayeamka alfajiri kwenda darasani, asijue kwamba jina lake limefungwa pamoja na la mtu mwingine. Kwa hiyo nyinyi majirani, mlioanza kumwita mwenzenu mwizi wa pesa za Leta kabla hata barua yake haijajibiwa, zuieni ndimi zenu. Dhana mbaya nayo ni deni, na hilo halikatwi kwenye mshahara.

Sasa nageuka kwako wewe mwenye barua mkononi, na hapa ndipo pagumu. Kushinda mbele ya shefu wa biro si kushinda mbele ya Mungu. Bi Umm Salama, Mungu amridhie, ametupokelea kwamba Mtume aliwaonya watu waliomletea mashauri: huenda mmoja wenu ni hodari wa kusema kuliko mwenzake, nami nikamhukumia kwa nilivyosikia, basi niliyempa haki ya ndugu yake, nimemkatia kipande cha moto. Ikiwa hukumu ya Mtume mwenyewe haiwezi kuihalalisha haki ya mtu, sahihi ya shefu itaihalalisha vipi?

Chukua daftari usiku, watoto wakilala. Andika upande mmoja miezi uliyofanya kazi bila malipo, upande wa pili nyongeza ulizopokea. Ulikuwa ukidai miezi mitano na umepokea ya miezi saba? Mitano ni yako, jasho lako, itetee mpaka mwisho. Ile miwili ni ya watu, hata kama biro haijaiona. Mtume alisema juu ya mtu aliyewekwa kazini na akapangiwa riziki yake kwamba atakachochukua zaidi ya hapo ni ghulul, yaani hiyana katika mali ya umma. Ama ulichokula ukiamini ni chako, dhambi yake hainganda juu yako, lakini deni linabaki tangu siku ulipojua.

Kuna kijana msomi atakayenijibu kwa hadithi ya Hind, mke wa Abu Sufyan. Alishtaki kwamba mumewe ni bahili, na Mtume akamruhusu achukue katika mali yake kinachomtosha yeye na watoto wake kwa wema. Kweli, na sisi tunaofuata madhehebu ya Imamu Shafii tunajua kwamba aliyenyimwa haki yake anaweza kuichukua akiipata. Lakini kijana, soma mpaka mwisho: kinachotosha, kwa wema. Haki iwe inajulikana, na kipimo kisizidi. Hind hakuambiwa achukue mali ya Abu Sufyan kwa kuwa Abu Sufyan ni mtu mbaya. Na anayesema serikali imetuibia miaka mingi, basi kila kinachoanguka toka benki ni fidia yetu, huyo amesahau kwamba franka ile inaweza kuwa ya mwalimu mwingine asiyelipwa, kule kijijini.

Sayyidna Abubakar aliacha biashara yake ya nguo alipokuwa khalifa, na Waislamu wakampangia posho toka Baitul-mali. Inasimuliwa kwamba alipokuwa anakufa aliagiza kilichobaki kwake katika mali hiyo kipelekwe kwa Omar. Omar akalia, akasema amewachosha watakaokuja baada yake.

Ikionekana unadaiwa kweli, usikubali wala kukataa yote kwa hasira. Omba kukatwa kidogo kidogo. Katika Sura Al-Baqara tumeamrishwa kumngojea mdaiwa mwenye dhiki mpaka apate nafasi, na deni liandikwe. Nanyi mnaofanya kazi katika biro za mishahara, wengine mmekaa hapa safu ya mbele: kumkata mtu mshahara wote mwezi mmoja, kwa kosa lililotoka kwenye listi yenu, ni kuwalaza njaa watoto ambao hawakuandika listi hiyo. Mtaulizwa.

Baada ya swala, ndugu wawili wanaojua vizuri Kifaransa cha ofisi watakaa kwenye varanda ya madarasa. Mwenye barua kama hiyo aje nayo, pamoja na kartasi za benki, na lile daftari. Barua ya kujibu itaandikwa kopi mbili, na ya kwako itiwe muhuri wa kupokelewa siku ile ile. Huduma hii haina malipo.

Nasema neno langu hili, na ninamuomba Mwenyezi Mungu msamaha, wangu na wenu.