Mlinzi na Mwenye Nyumba

Hapa Shinyanga na Geita wako wanaotuuliza: Je, damu ya askari wetu katika Kongo ilimwagika bure? Maana katika Novemba 2013 askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, chini ya Umoja wa Mataifa, walisaidia kuwashinda M23. Tarehe 7 Desemba 2017 askari wetu wasiopungua 14 waliuawa huko Semuliki. Hata hivyo, katika Januari 2025 M23 waliutwaa tena mji wa Goma.

Twajibu: La, si bure; ila tupambanue kazi mbili. Kumfukuza adui ni kazi ya mlinzi. Kuishika nchi kwa haki ni kazi ya mwenye nyumba. Sungusungu wa Usukuma, walipoanza miaka ya 1980, walilinda mifugo yao wenyewe, nao walijua kila njia. Mgeni hawezi hivyo. Yeye humpa mwenyeji muda tu. Nasi tukaao penye dhahabu twajua jinsi mali ya ardhini ivutavyo watu. Basi muda ule usipotumiwa kuweka waamuzi wa kweli, na kuyatoa madini mikononi mwa wenye bunduki, adui hurudi. Waliokufa walitimiza kazi yao. Deni lililobaki ni la walio hai.